Shajara ya mtaala wetu: kutoka kikao cha idara mpaka seneti

14 Oktoba

Nimepewa ukatibu. Sikuuomba, nilichelewa kikao dakika kumi sababu ya foleni na nilipoingia nikakuta ajenda namba nne imeshapita na jina langu limeshaandikwa, katibu wa kamati ya kuhuisha mtaala wa shahada ya kwanza ya Kiswahili, wajumbe saba, mwenyekiti Mkuu wa Idara mwenyewe. Wenzangu wakapiga meza wanacheka. Nikasema sawa, ila naanza kuandika shajara ili siku mtu akija kukana alichosema nimfungulie ukurasa.

Kwa wasiojua njia yenyewe, iko hivi kwetu: idara inaandika, Bodi ya Kitivo inapitia, kisha kamati ya seneti inayoshughulikia shahada za kwanza inachambua mstari kwa mstari, Seneti inapitisha, afu ndo unapelekwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kuombewa ithibati. Ithibati yetu ya sasa ilikuwa ya miaka mitano na inaisha mwakani, yani tukizubaa tunafika dirisha la udahili hatuna programu ya kutangaza. Wazee wa idara bado wanaikumbuka 2017 TCU ilipozuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, kwa hiyo hili hakuna anayelifanyia utani.

Hela: vyuo vya umma vingi vinahuisha mitaala kwa ule mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia dola milioni 425 ulioidhinishwa 2021. Kwetu sisi hela hiyo tunaiona kwenye majengo. Idara inatumia bajeti yake ya kawaida, maana yake chai na vitumbua, posho tusahau.

2 Novemba

Uchambuzi wa mahitaji umeanza. Tumetuma dodoso kwa wahitimu wetu, wengi hawajajibu, namba zimebadilika, imeli zinarudi. Waliojibu wengi ni walimu wa sekondari, wachache wako redioni, mmoja anauza simu Kariakoo na ndo aliyejibu vizuri kuliko wote, kaandika aya tatu. Kasema isimu jamii imemsaidia sana kwenye kazi kwa sababu anajua mteja wa Mbagala aongeleshwe vipi na wa Masaki vipi. Nimeiweka kwenye ripoti, Mkuu wa Idara kaitoa, nimeirudisha, kaitoa tena.

Kitu kimoja karibu wote wamesema: tufundisheni tafsiri na ukalimani kwa vitendo. Na kiukweli wana haki. SADC waliingiza Kiswahili kwenye lugha zao rasmi 2019 kwenye mkutano uliofanyika hapahapa Dar, 2021 sheria ikabadilishwa Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama, mwaka huohuo UNESCO wakatangaza 7 Julai siku ya Kiswahili duniani, 2022 Umoja wa Afrika nao wakakipokea. Miaka minne tu hiyo. Mtaala wetu uliopo una kozi moja ya tafsiri, semista ya tano, na nusu yake ni historia ya nadharia.

21 Novemba

Kikao cha wadau. Walikuja wachapishaji, mwalimu mkuu mmoja, mkalimani wa mikutano, na karani mmoja wa mahakama ambaye alikaa kimya mpaka saa saba mchana. Alipopewa nafasi akasema, ndugu zangu walimu, mnatuletea vijana wanaojua tafsiri ilianza lini, mi nataka kijana nimpe hukumu ya kurasa 60 Jumatatu anirudishie Alhamisi na jaji asigune. Nimeiandika kama alivyosema. Mwenyekiti akaniambia katibu hiyo iingie kwenye utangulizi wa mtaala, nikasema fomu ya chuo inataka utangulizi kwa Kiingereza, tukabaki tunaangaliana.

Hilo la fomu nalisema sasa hivi nisije nikalirudia kila ukurasa. Programu ni ya Kiswahili, inafundishwa kwa Kiswahili mwanzo mwisho, mitihani Kiswahili, tasnifu Kiswahili, lakini maelezo ya kila kozi yanajazwa Kiingereza. Nimekaa siku mbili natafuta Kiingereza cha istilahi za ushairi, arudhi, vina, mizani na kituo, ili mtu wa kamati ambaye ni Mswahili mwenzangu aweze kusoma.

9 Desemba

Hesabu za krediti. Hapa ndo nilipoanza kuelewa kwa nini wenzangu walipiga meza wakicheka.

Krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ndani yake muhadhara, semina, kujisomea, majaribio, kila kitu. Mwaka mmoja krediti 120, miaka mitatu 360, chini ya hapo shahada haisimami, na juu ya hapo chuo chetu hakitaki kwa sababu ratiba na madarasa hayatoshi. Kozi zetu tumezipa krediti 12 kila moja. Kwa hiyo nafasi ni kozi 30. Rahisi tu, si ndio?

Rasimu ya kwanza ina kozi 36. Kila mjumbe kaleta yake, mwenye fonolojia anataka fonolojia mbili, mwenye riwaya anataka riwaya ya kale na riwaya mpya ziachane, na sisi wa tafsiri tumeleta tano kwa mpigo. Na humo humo nne ni za chuo kizima, hazigusiki: Stadi za Maendeleo (DS) mbili, stadi za mawasiliano, na utangulizi wa kompyuta. Mjumbe mmoja kijana akauliza hivi DS lazima ziwe mbili? Profesa wetu, ambaye kwenye hii shajara nitamwita Mzee kama tunavyomwita, akavua miwani. Akasema mwanangu, hiyo ilitoka kwenye mjadala mkubwa pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar, baada ya Azimio la Arusha 1967, watu waligombana mtaala unamtengeneza msomi wa nani, wewe unataka kuifuta kwa sababu ya kolamu ya ekseli. Kijana akasema shikamoo Mzee nimeelewa. Marahaba. Kozi 36 zikabaki 36.

Kikao kimeahirishwa, umeme ulikata.

16 Januari

Idara jirani wamesikia. Sijui nani kawaambia, nadhani ni grupu la wasap la kitivo, mtu kaweka rasimu humo kwa bahati mbaya akafuta baada ya dakika moja lakini dakika moja ilitosha. Barua imekuja kwa Amidi, mkuu wa kitivo, nakala kwetu: tafsiri ni eneo la idara ya lugha za kigeni, Kiswahili wanavamia.

Tukaitwa. Saa mbili nzima tukajadili tafsiri ni taaluma ya nani, watu wakataja nadharia, wakataja vyuo vya Ulaya, mtu akachora duara mbili ubaoni zinakatana. Baadaye tulivyotoka kunywa chai Mkuu wa Idara yao, mama mmoja mstaarabu sana, akamwambia wa kwetu ukweli: dada, wanafunzi wangu wanapungua, bajeti yangu inahesabiwa kwa vichwa, mkianzisha ukalimani mwakani nabaki na darasa la watu tisa, nitamlipa nani wa muda?

Sasa hilo linajadilika. Kwenye chai ileile tukakubaliana, tafsiri ya Kiingereza-Kiswahili na ukalimani wa mikutano tunafundisha kwa ubia, mzigo wa saa unagawanywa nusu kwa nusu, vichwa vinahesabiwa pande zote. Amidi akaja na kikombe chake akakuta tumemaliza. Kwenye muhtasari imeandikwa "baada ya majadiliano ya kina ya kitaaluma kikao kiliafikiana". Mimi ndo niliyeandika.

3 Februari

Kupunguza. Kozi 36 kwenda 30, tumekaa siku tatu mfululizo kwenye chumba cha semina feni moja.

Ya kwanza kuondoka ilikuwa rahisi, fonolojia mbili zikawa moja na mwenye nayo kanuna mpaka leo. Riwaya mbili zikawa moja. Tatu za tafsiri tukazibana zikawa mbili. Kozi mbili za zamani ambazo hazijafundishwa tangu mimi sijaajiriwa zikaondolewa kimyakimya, hakuna hata aliyezitetea. Hapo tumeshapunguza tano. Imebaki moja.

Moja hiyo ikawa ni Kozi ya Hati, yani kusoma Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mzee anaifundisha peke yake. Mwaka jana wanafunzi wanne, mwaka juzi watano. Hoja ilitolewa kwa adabu kabisa, kwamba chumba, mwalimu wa ngazi ya profesa, ratiba, kwa watu wanne?

Mzee hakuinua sauti. Akasema kitivo cha sheria pale Dar kilianza 1961 kwenye jengo la TANU Lumumba na wanafunzi 14, na hicho ndicho kilichozaa chuo kizima. Mtu akasema Mzee 14 si wanne. Akacheka, akasema kweli. Halafu akasema maneno mengine ambayo sikuyaandika kwenye muhtasari kwa sababu hayakuwa hoja wala pendekezo, ila nayaandika hapa: tenzi zetu za karne ya 18 hazikuandikwa kwa hizi abichidi zenu, na maktaba ya Mlimani ina miswada kibao iliyokusanywa miaka ya sitini, mnataka shahada ya Kiswahili ambayo mhitimu wake akipewa karatasi aliyoandika babu yake anaigeuza juu chini hajui inashikwaje?

Kimya. Feni tu.

Hakuna aliyekuwa na ubavu wa kupiga kura kuifuta. Tukaondoa Uandishi wa Matangazo badala yake, na Kozi ya Hati tukaifanya ya hiari mwaka wa tatu. Nilitoka pale najisikia vizuri kweli, nikamwambia mke wangu leo tumefanya kitu.

27 Machi

Bodi ya Kitivo imepitisha na marekebisho. Akidi ilikuwa shida, tulisubiri wajumbe wawili mpaka saa tano, mmoja akajiunga kwa simu kutoka Mwanza sauti inakatikakatika, kila akisema "naunga mkono" inasikika "nau... mko".

Marekebisho waliyotaka ni ya maana kuliko nilivyotegemea. Mwalimu wa sosholojia aliuliza kwa nini ukalimani hauna somo la maadili, mkalimani anakaa katikati ya daktari na mgonjwa anasikia siri za watu, mmempangia wapi afundishwe kufunga mdomo? Hatukuwa na jibu. Tumeongeza mada nne. Nimeandika jina lake kwenye karatasi nimnunulie soda.

12 Mei

Kamati ya seneti imerudisha andiko. Kurasa 214, wameweka alama nyekundu karibu kila ukurasa. Kubwa ni vitenzi. Kwenye matokeo ya ujifunzaji hairuhusiwi kuandika mwanafunzi "atajua" au "ataelewa", kwa sababu kujua hakupimiki, andika ataeleza, atachanganua, atatafsiri, ataunda. Mwanzoni nilikasirika nikaona ni ukarani tu. Nilipoanza kubadilisha nikagundua kuna kozi ukiondoa "ataelewa" hakuna kinachobaki, yani tumekuwa tunafundisha miaka kumi kitu ambacho hatujui mwanafunzi akitoka anaweza kufanya nini. Mbili kati ya hizo ni zangu.

Kingine wanataka jedwali la walimu. Kila kozi jina la mwalimu, cheo, shahada ya juu, ajira ya kudumu au ya muda, mwaka wa kuzaliwa. Nimejaza jioni moja. Kwenye Kozi ya Hati nikaandika jina la Mzee, profesa, ajira ya kudumu, mwaka wa kuzaliwa. Nikapiga hesabu bila kukusudia. Profesa anastaafu kwa lazima akiwa na 65. Mzee anafikisha Septemba. Programu mpya inaanza Oktoba.

Kimya cha siku ile kwenye chumba cha semina nikakielewa upya. Wajumbe wakubwa walijua. Hakuna haja ya kumpigia kura mtu anayeondoka mwenyewe.

19 Mei

Nimekwenda kwa Mkuu wa Idara kuuliza kuhusu nafasi ya Mzee, atakuja nani. Kanikalisha. Kasema nafasi ikiachwa wazi hairudi idarani yenyewe, inaombewa kibali cha ajira, kibali kikija kinakuja na maeneo yake, na sisi tumeshaandika barua miezi sita iliyopita kwamba eneo la kipaumbele ni ukalimani. Nikamuuliza kwani hati hatukuziombea? Akasema niombe mwalimu gani, nani ana shahada ya hati? Ili nimwajiri mkufunzi msaidizi anatakiwa awe na GPA 3.8 kwenda juu na awe amebobea humo, na hao wanne wa Mzee mmoja tu ana 3.8 na ameshaajiriwa benki.

Ana hoja. Nimezunguka nayo kichwani wiki nzima na bado ana hoja. Ila ukiangalia vizuri, uamuzi wa kozi ipi iishi haukufanyika Februari kwenye feni, ulifanyika kwenye barua ya kuomba kibali ambayo sisi wanakamati sita hatukuiona, na hata aliyeiandika hakujua anaamua hivo.

Kwenye jedwali kamati imetaka suluhisho kwa kozi zisizo na mwalimu baada ya Oktoba. Nimeandika: "Kozi hii itafundishwa pale mwalimu atakapopatikana." Ni maneno ya kawaida, yako kwenye mitaala yote niliyowahi kusoma. Zile kozi mbili za zamani tulizoziondoa Februari bila mtetezi, nimezitafuta kwenye mtaala wa nyuma. Zilikuwa na sentensi hiyohiyo.

10 Julai

Seneti. Siku tatu baada ya maadhimisho, mabango ya Kiswahili lugha ya dunia bado yananing'inia getini. Tulikuwa ajenda ya tisa, tumesubiri nje kwenye benchi tangu saa tatu na watu wa uhandisi na maprojekta yao. Tukaingizwa saa nane kasoro, Amidi akawasilisha, maswali matatu. Moja kuhusu maabara ya ukalimani, vibanda na vipokea sauti, hela iko wapi, jibu ni kwamba tutaanza na maabara ya lugha iliyopo. La pili mtu wa sayansi kauliza kwa nini jina la programu lisiwe fupi. La tatu ukurasa 88 namba zimerukwa. Mwenyekiti akauliza wajumbe mnaafiki, wakaafiki. Kwa saa ya ukutani dakika 11.

Kozi ya Hati haikutajwa. Iko ukurasa 171, sentensi yake iko pale chini.

Tumekula wali kuku kwa pesa ya Mkuu wa Idara mwenyewe. Tulikuwa na furaha na sitadanganya kwamba mimi sikuwa nayo, programu ni nzuri, yule karani wa mahakama atapata watu wake.

6 Agosti

Nimepandisha andiko kwenye mfumo wa TCU. Faili lilikataa mara tatu sababu ya ukubwa, kijana wa TEHAMA akalibana. Sasa tunasubiri watathmini. Hali ya mradi kwa kifupi: Seneti tayari, mfumo tayari, maabara bado, walimu wa ukalimani kibali kimeombwa wawili.

23 Agosti

Hii haiko kwenye mpango kazi. Nilikwenda kwa Mzee ofisini, anafunga vitabu kwenye maboksi ya karatasi za fotokopi. Nikamwambia ile sentensi niliandika mimi. Akasema aliisoma. Akaendelea kufunga boksi, halafu akauliza, Jumamosi asubuhi unafanya nini?

Tuko watatu, mimi, mkufunzi msaidizi wa fasihi, na dada mmoja wa idara ya lugha za kigeni ambaye anajua Kiarabu tayari na anatuacha mbali. Hatuna krediti wala cheti, tuna ubao na chai ya maziwa. Mzee kasema akistaafu atakuwa Bagamoyo, tutamfuata hukohuko kwa nauli zetu.

30 Agosti

Wiki ya pili. Nilidhani kazi ni kukariri herufi, kumbe herufi ndo rahisi. Waandishi wa zamani irabu walikuwa na alama tatu tu, kwa hiyo e na i zinagawana kasra, o na u zinagawana dhuma, na ghaini moja inabeba g, ng na ng' zote. Mara nyingi ile m au n inayotangulia konsonanti hawaiandiki kabisa. Huwezi kusoma neno kama hujui tayari Kiswahili cha mtu aliyeliandika. Leo nimepewa neno la be na zei nikasoma "buzi" kwa kujiamini, Mzee akasema endelea na mstari, mstari ukawa unaongelea mtu kachinja, nikarudi nyuma nikasoma "mbuzi".

Mstari mmoja kwa saa moja na nusu. Jumamosi ijayo wa pili.